Karatasi tano za rangi, mgonjwa mmoja

Mwanafunzi wa udaktari akifundishwa afya ya watu transijenda kwa mhadhara wa saa mbili, anatoka oditwari na daftari lililojaa dozi, kisha anakwama mahali pasipo na dozi: kwenye salamu. Mgonjwa ameketi mbele yake na kitenge na vipuli, kadi yake ya uchaguzi inasema ni mwanaume, na nje kuna watu thelathini wanaosubiri kuitwa. Amwiteje? Akiitwa kwa sauti jina asilolitumia, mbele ya majirani wa kartie, anainuka na kwenda farmasi ya kona, na hatarudi mpaka mguu umevimba.

Haya ni tuliyojifunza kuhusu kulipanga somo hili kwa vikundi, hapa Lubumbashi, kwa wanafunzi wanaokaribia staji (mazoezi ya hospitalini) au walio ndani yake.

Mbinu yenyewe ni ya vipande. Kila mwanafunzi anapewa kipande kimoja cha somo, anakisoma na wenzake wenye kipande hichohicho, kisha anarudi kwenye kundi lake na kuwafundisha wengine, ambao hawana njia nyingine ya kukijua. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliianzisha mwaka 1971 huko Austin, Texas, katika shule zilizokuwa zimetoka tu kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, watoto waliokuwa wakitazamana kwa jicho baya. Haikubuniwa kwanza ili watoto wapate alama nzuri. Ilibuniwa ili mtoto amsikilize yule anayemdharau, kwa sababu jibu analolihitaji liko kwake. Ndiyo maana inafaa hapa, maana dharau ni nusu ya kazi yetu.

Wanafunzi arobaini wanatosha: makundi manane ya watu watano. Promosheni (wanafunzi wote wa mwaka mmoja) ya watu mia mbili igawanywe, ukiilazimisha ndani ya ukumbi mmoja utapata soko. Muda ni saa tatu: dakika 15 za utangulizi, 30 za kundi la rangi (wote wenye kipande kimoja), 40 za kufundishana (nane kwa kila mmoja), mapumziko 20, dakika 35 za kisa, 15 za jaribio la mtu mmojammoja, na 25 za kuzungumza. Makundi yapangwe kwa kura. Wakijichagua, marafiki wa kundi la maombi watakaa pamoja, wale wa staji moja watakaa pamoja, na hakuna atakayesikia jambo ambalo hajawahi kulisikia.

Vipande viko kwenye karatasi za rangi tano, A4 pande mbili, zimechapwa. Usitegemee projekta. SNEL ikikata umeme katikati ya dakika 30 za kusoma, karatasi bado inasomeka dirishani. Maandishi ni Kifaransa kwa sababu mtihani ni wa Kifaransa, lakini mifano ya maneno ya kumwambia mgonjwa ni Kiswahili, kwa sababu mgonjwa wa Katuba au Ruashi hataulizwa kwa Kifaransa cha oditwari. Kila rangi inasomwa na watu wanane. Hao tunawagawa wawe wanne na wanne, la sivyo wawili watasoma na sita wataangalia simu.

Juu ya kila karatasi, bila kujali rangi, kuna mistari miwili ileile. Mwanamke transijenda ni mtu aliyeandikwa mvulana alipozaliwa na anajijua kuwa mwanamke. Mwanaume transijenda ni mtu aliyeandikwa msichana na anajijua kuwa mwanaume. Wanafunzi huyageuza hayo mawili kinyume kuliko wanavyokosea kitu kingine chochote, na ukishayageuza, kila dozi inayofuata imegeuka. Chini yake kuna mstari wa tatu: katika CIM-11, orodha ya magonjwa ya OMS (Shirika la Afya Duniani), iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, hali hii haimo tena kwenye sura ya magonjwa ya akili. Imehamishiwa sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana, namba HA60 kwa vijana na watu wazima. Watoto na wabalehe tunawaachia somo jingine. Dakika 180 haziwatoshi.

Karatasi nyeupe ni ya lugha, na wanafunzi huidharau mpaka waifikie. Kifaransa kinakulazimisha uchague "il" au "elle" kila sentensi. Kiswahili hakikulazimishi: amekuja, anakohoa, anaumwa, na hakuna aliyekosewa. Wengi hufikiri basi Kiswahili kimewaokoa. Hapana. Mtego wa Kiswahili uko kwenye "Mama" na "Papa", na uko kwenye vitenzi. Muulize mtu "umeoa?" au "umeolewa?" na tayari umemwambia unamwona nani. Vivyo hivyo "umezaa?" na "umezalisha?". Kwenye karatasi tunaweka maswali yanayopita katikati: "Unaishi na nani nyumbani?" "Uko na watoto?" "Unapenda nikuite nani?" Na kwa mtu aliyekuzidi umri kidogo, Lubumbashi ina neno ambalo haliulizi chochote: yaya. Kaka ni yaya, dada ni yaya.

Tunaigiza mwanzo wa mahojiano mara moja mbele ya wote, kabla hawajagawanyika. Mwalimu anakuwa mgonjwa.

"Karibu, Yaya. Mimi ni stajieri, ninasaidiana na Docta. Kwenye kadi nimeona jina moja, lakini huku ndani ninaweza kukuita jina unalolipenda. Nikuite nani?"

"Niite Solange."

"Sawa, Solange. Jina hili niliandike kwenye fishi, ama libaki kati yetu?"

Swali hilo la mwisho ndilo wanafunzi wote hulisahau. Fishi, karatasi ya mgonjwa, husomwa na mtu wa mapokezi, muuguzi wa zamu, labo, na wakati mwingine shemeji wa mgonjwa anayefanya kazi kwenye malipo. Jina likiandikwa bila ruhusa, ukarimu wako umekuwa tangazo.

Karatasi ya manjano ni homoni. Humo tumefuata mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa 2017 na ule wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transijenda, toleo la 8, wa 2022. Kwa mwanamke transijenda: estradioli (estrojeni) ya kumeza miligramu 2 hadi 6 kwa siku, au ya kubandika ngozini, au ya sindano, pamoja na dawa ya kushusha testosteroni, ama spironolaktoni miligramu 100 hadi 300 kwa siku huku ukipima potasiamu, ama siproteroni asetati, ambayo WPATH imeishusha hadi miligramu 10 kwa siku. Lengo ni testosteroni chini ya nanogramu 50 kwa desilita na estradioli kati ya pikogramu 100 na 200 kwa mililita. Kwa mwanaume transijenda: testosteroni enantati au sipionati ya sindano, miligramu 50 hadi 100 kwa wiki, au 100 hadi 200 kila wiki mbili. Vipimo kila miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka. Kuna safu ya yale yasiyorudi nyuma: sauti ikishazama imezama, matiti yakishaota hayaondoki kwa kuacha dawa. Na mazungumzo juu ya uzazi yafanyike kabla ya dozi ya kwanza.

Hatuwafundishi wanafunzi hawa kuanzisha homoni. Tunawafundisha kumtambua mtu ambaye tayari anazitumia, mara nyingi bila daktari yeyote, na kujua nini kinaweza kumuua.

Karatasi ya kijani ni ya viungo na labo, na inabeba kanuni moja: kichunguze kiungo kilichopo. Mwanamke transijenda bado ana tezi dume hata baada ya upasuaji wa uke, kwa sababu haiondolewi, na akiwa kwenye estrojeni PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) hushuka, kwa hiyo hata ikizidi 1 tu inastahili kutazamwa. Mwanaume transijenda mwenye mlango wa kizazi anahitaji kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kama mtu mwingine yeyote mwenye mlango wa kizazi. Testosteroni si kinga ya mimba, hata kama hedhi imekoma. Akija na maumivu ya tumbo la chini, kipimo cha mimba hakirukwi kwa sababu ya ndevu. Kisha bono ya labo, karatasi ya kuombea vipimo. Mwanaume transijenda wa miaka miwili kwenye testosteroni ana hemoglobini ya 16,5, bono imeandikwa F, mashine inaweka alama ya "juu", na mwanafunzi anaanza kutafuta ugonjwa wa damu. Kwa kipimo cha wanaume yuko sawa. Kinachotakiwa kumshtua ni hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) inayopita asilimia 54.

Pinki ni VVU, TB na dawa zinazogombana. Buluu ni siri, sheria na kitanda. Hizi mbili zinaonekana vizuri zaidi ndani ya kisa, kwa hiyo twende huko.

Mgonjwa wa kwenye karatasi ana miaka 29, kilo 62, mwanamke transijenda. Anakohoa wiki nne, anatoka jasho usiku, na tangu siku tatu mguu wa kushoto umevimba na kifua kinamchoma anapovuta pumzi. Anatumia TLD, kidonge cha VVU chenye dolutegraviri ndani, tangu miaka miwili. GeneXpert, kipimo cha TB, imetoka chanya, rifampisini inafanya kazi. Kila siku anameza vidonge vinne vya kupanga uzazi alivyonunua farmasi, kila kimoja kina mikrogramu 30 za etinilestradioli, na spironolaktoni aliyoelekezwa na rafiki. Maswali ni manne tu: utamwita nani, utamtibu nini leo, dawa gani utabadilisha, na utamlaza wapi.

Kundi la kwanza kukosea hukosea hapa. Mtu wa manjano anazidisha: nne mara thelathini, mikrogramu 120. Anageuza kuwa miligramu: 0,12. Anaangalia alichojiandikia: estradioli miligramu 2 hadi 6. Anasema kwa utulivu kabisa, "Ziko chini ya dozi, hakuna shida." Na wenzake wanaandika. Hesabu ni sahihi na jibu ni hatari. Etinilestradioli si estradioli: ina nguvu mara nyingi zaidi kwenye ini, ambako vigandishi vya damu hutengenezwa, na ndiyo maana miongozo imeiondoa kabisa kwenye tiba hii. Karatasi ya manjano inalisema hilo, mstari wa tatu kutoka chini, upande wa pili. Tumeuacha hukohuko kwa makusudi, maana mtu aliyesoma upande mmoja tu anajulikana dakika hiyo.

Mguu na kifua, basi, ni damu iliyoganda mpaka ithibitishwe vinginevyo. TB yenyewe huongeza hatari hiyo, VVU pia. Enoksaparini, heparini ya sindano ya kuzuia damu isigande, miligramu 1 kwa kilo kila saa 12: kwa kilo 62 ni sindano ya 60. Sasa wa pinki anaamka. Warfarini? Rifampisini, dawa ya TB, inaharakisha kuvunjwa kwake, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) haitapanda. Rivaroksabani? Vivyo hivyo, inashushwa. Kwa hiyo heparini inabaki kwa muda mrefu kuliko walivyofikiri, au warfarini kwa dozi kubwa na INR ya mara kwa mara, na mtu lazima aseme gharama itatoka wapi. Dolutegraviri nayo inashushwa na rifampisini, hivyo anaongezewa miligramu 50, saa 12 baada ya TLD. Estrojeni pia zinashushwa, maana yake hata akihamishiwa estradioli nzuri, dozi ya kawaida haitampa alichotarajia mpaka miezi sita ya TB iishe. Asipoelezwa, atajiongezea mwenyewe.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao makundi mengi hayauoni. Mtu mwenye VVU na TB hupewa kotrimoksazoli ya kinga. Trimetoprimu iliyo ndani yake hupandisha potasiamu. Spironolaktoni hupandisha potasiamu. Spironolaktoni iko kwenye manjano, kotrimoksazoli iko kwenye pinki, na hakuna karatasi inayozitaja pamoja. Jibu halimo kwenye karatasi yoyote. Limo kati ya watu wawili, wakizungumza. Ukitaka kujua kama kisa chako kimeandikwa vizuri, mpe mwanafunzi mmoja hodari karatasi moja tu na uone anafika wapi. Akimaliza kisa peke yake, umeandika zoezi la kawaida na kuliita la vikundi.

Kuhusu kumsimamishia vidonge: wanafunzi hupenda kuandika "acha homoni zote" na kufunga. Vidonge vile lazima visimame leo. Lakini mgonjwa aambiwe kwa nini, na aambiwe kwamba estradioli ya ngozini, ambayo hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo, itazungumziwa damu ikishatulizwa. Kama haipatikani, aambiwe haipatikani. Mtu anayenyang'anywa vidonge bila maelezo ataviomba tena kule alikovipata.

Kitanda sasa. Upande wa wanaume au wa wanawake? Hapa ukumbi hupasuka, na ni vizuri mtu wa buluu awe amesoma. Jibu la kwanza ni kumuuliza mgonjwa, kwa sauti ya chini, wapi atakuwa salama. Jibu la pili ni la kazi tu: ana TB ya mapafu inayoambukiza, kwa hiyo chumba cha peke yake kina sababu ya kitabibu iliyo wazi, na hakuna haja ya kumweleza muuguzi wa zamu sababu nyingine yoyote. Karatasi ya buluu inakumbusha kwamba siri ya kazi inalindwa na kifungu cha 73 cha Kodi ya Adhabu (sheria ya makosa) ya Kongo, na kwamba Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari, lile la 1948 lililorekebishwa 2017, linataja jinsia na mwelekeo wa kimapenzi kati ya mambo yasiyoruhusiwa kuingia kati ya daktari na mgonjwa wake. Inakumbusha pia kwamba sheria za jirani si sheria zetu. Wanafunzi huchanganya. Wamesikia sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga kwenye simu, Kasumbalesa iko karibu na upande wa pili ni Zambia yenye kodi yake ya adhabu iliyorithiwa kwa Waingereza, na wanadhani daktari wa Lubumbashi ana wajibu wa kumripoti mgonjwa. Hakuna kifungu cha Kongo kinachofanya kuwa transijenda ni kosa. Kifungu cha 176, cha kuvunja heshima hadharani, ndicho watu wanachotishiwa nacho, na hakimhusu mgonjwa aliyelala kitandani.

Yanayoharibu somo tunayajua kwa majina. La kwanza ni kusomeana: mtu anarudi kwenye kundi lake na kuisoma karatasi kwa sauti tangu juu hadi chini. Dawa yake ni kumnyang'anya. Kundi la rangi likimaliza, karatasi zinakusanywa, na kila mtu anabaki na kikaratasi cha ukubwa wa kiganja alichokiandika mwenyewe. La pili ni mvua: Januari, ikinyesha asubuhi, watatu hawafiki, na makundi matatu hayana buluu. Tunaita kwanza majina, ndipo tunagawa rangi. Kundi la watu wanne, mmoja hubeba nyeupe na buluu, kwa sababu ndizo zinazoshikana. Kamwe si manjano na pinki, atazama. La tatu ni yule bora wa promosheni, ambaye anajibu vipande vyote vitano kabla wenye vipande hawajafungua mdomo. Huyo anapewa kazi ya kuandika, na mwandishi haruhusiwi kusema.

La nne ni mjadala wa dini. Utatokea. Ukiuzima kwa nguvu, unahamia kwenye WhatsApp ya promosheni ukiwa mkali zaidi. Ukiuacha, unakula dakika 35 za kisa. Tunauwekea mahali pake: dakika 25 za mwisho, na sharti moja, kila anayesema aanze kwa kutaja hatua moja ya matibabu ambayo kwa maoni yake angeibadilisha kwa sababu ya imani yake. Kupima mapigo? Kuchoma enoksaparini? Wengi hutafuta hatua hiyo na hawaipati. Hatumwombi mtu abadili anachoamini siku ya Jumapili, na hatutoi alama kwa maoni. Alama ni kwa kazi.

Alama zenyewe ni hizi: jaribio la maswali kumi, kila mtu peke yake, mawili kutoka kila rangi. Wote watano wakipata 7 au zaidi, kila mmoja anaongezewa 1. Wastani wa kundi hatuutumii, maana aliye bora huwabeba na wao hulala. Ukimwekea kila mtu kizingiti, wenzake wanamshika yule dhaifu dakika zile nane na kumuuliza tena na tena kama ameelewa.

Kuna mtu hupendekeza kila mwaka kwamba aletwe mgonjwa halisi. Si kwenye ukumbi wa watu arobaini wenye simu arobaini. Picha moja ikitoka, haijulikani itaishia wapi, na atakayelipa si mwanafunzi. Mtu transijenda anayetaka kufundisha anaweza kusoma karatasi zetu kabla, kusahihisha maswali ya nyeupe, na kulipwa kwa kazi hiyo kama mtaalamu mwingine. Marekebisho bora ya karatasi hiyo hutoka huko. Simu zinawekwa mezani, uso chini, kwa saa zote tatu. Na hakuna swali linalomtaka mwanafunzi ajieleze mwenyewe. Katika watu arobaini huenda yumo ambaye kisa hiki ni cha kwake.

Mwisho wa somo karatasi zinahesabiwa: arobaini zimetoka, arobaini zirudi. Kisa kinabadilishwa kila kundi jipya, kwa sababu majibu hufika kwenye homu ya wanafunzi kabla ya jioni. Tunabadilisha uzito, kisha tunabadilisha kidonge: safari inayofuata mgonjwa wa kisa ana kilo 81, anameza vitatu vya mikrogramu 35, na rifampisini imetoka sugu.